Mwezi Ambao Kipaza Alikuwa Mwema

Dada alikuwa amekaa jukwaani, kwenye kiti kilichoazimwa ofisini kwa mwalimu mkuu, chini ya dirisha la maboksi. Mikono aliilaza mapajani kama alivyoelekezwa. Shingo ameipinda kidogo, macho ameyatuma kwa ndege wa karatasi aliyening'inizwa kwa uzi, na ukumbi mzima ulikuwa unamhurumia. Mama mmoja mbele yangu alitoa leso. Mwingine akamnong'oneza jirani yake, "Maskini, na alivyo mzuri."

Mimi nilikaa mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ninapokaa popote ninapokwenda. Wenzangu walimwona msichana mkimya anayetamani kusikia sauti ya ndege. Mimi nilikuwa natazama dole gumba la mguu wake wa kulia. Lilikuwa linacheza ndani ya kiatu cha wazi, polepole, juu, chini, juu, chini. Dole gumba la Dada likianza kucheza hivyo, mwenye akili huondoa vyombo vya kuvunjika.

Nyumbani tulikuwa wanne: Mama, Dada, mimi, na mdogo wetu wa mwisho ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza, kwa sababu alizaliwa na sauti ya kutangazia mikutano. Dada hasikii. Homa ilimpitia kabla hajaanza kutembea, ikaondoka na masikio, ikamwachia vingine vyote, na Mama husema vingine ilimwongezea. Mimi nasikia hata sisimizi akikohoa, lakini kusema mbele za watu ni kazi inayonishinda. Ndiyo maana shule niliiachia darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Mwalimu alikuwa akinisimamisha nisome kwa sauti, maneno yananikauka kooni, darasa linacheka, nakaa. Siku moja Mama akaumwa, nikabaki kumsaidia, na alipopona sikurudi.

Kwa hiyo katika nyumba yetu kiziwi ndiye aliyekuwa msemaji. Dada ndiye aliyekwenda kugombana na mwenye nyumba kuhusu bomba. Dada ndiye aliyepunguza bei dukani, kwa nyusi, kwa vidole, kwa kugeuka aondoke, kurudi, na kugeuka tena, huku mimi nimesimama nyuma yake na kikapu. Kuna muuza viatu ambaye kwa miaka mingi alidhani bubu ni mimi, na Dada hakuona sababu ya kumsahihisha.

Lugha yetu ya mikono, nusu Dada alikuja nayo kutoka shule ya viziwi, nusu ilizaliwa jikoni kwetu. Kuitana tuliitana kwa kurushiana vitu. Ukimtaka Dada na amekupa mgongo, unarusha kandambili, na Mama alikuwa na shabaha ya kutisha. Mgeni alidhani tunapigana, na mara nyingi hakukosea, maana Dada na Kipaza waligombana kila siku iliyokucha. Waligombania kioo, mto, paja la kuku. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake, mwingine hajabadilisha meno yote, na hakuna aliyekubali kushindwa. Kipaza aligombana kwa mikono na kwa mdomo pamoja, kwa sababu mdomo wake haukujua kubaki nyuma, hivyo majirani walisikia nusu ya ugomvi na nusu nyingine wakajitungia. Dada naye alikuwa na silaha moja ya mwisho. Alifumba macho. Hapo umekwisha, rusha mikono mpaka kesho, umeutukana ukuta. Kipaza alikuwa anampandia tumboni na kumfunua kope kwa vidole ili amalizie sentensi.

Mama alisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Shamba hatukuwa nalo, basi alichukua ufagio akafagia nje mpaka watulie. Uwanja wetu ulikuwa msafi kuliko wa mtu yeyote.

Dada alikuwa fundi makochi, na mimi nilishona kava katika karakana hiyo hiyo, nimejificha nyuma ya cherehani. Mwenye karakana tulimwita Mzee Sponji. Fundi makochi anapowamba kitambaa, mkono mmoja unavuta, mwingine una nyundo, na misumari midogo anaiweka mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Tangu asubuhi mpaka jioni hakuna awezaye kusema neno bila kumeza chuma. Kabla Dada hajafika, Mzee na mafundi wake wawili waliongea kwa kuguna na kupepesa macho. Alipofika, haukupita muda wote wakawa wanaongea kama yeye, kila wanapoweka nyundo chini. Mzee Sponji, ambaye mkewe alilalamika kwamba nyumbani hafungui kinywa, alikuwa mmbeya wa mikono kuliko sote.

Sasa, Kipaza alikuwa darasa la pili, na mwalimu wake akawaambia wachore familia zao. Alichora kwa moyo. Mama na ufagio. Mimi nyuma ya cherehani, yaani alichora cherehani na nywele zangu. Dada akamchora mkubwa kuliko wote, mikono mipana kama sinia, na mdomoni misumari, mingi, imejipanga kama meno.

Mwalimu akaita mzazi. Mama alikuwa kazini, nikaenda mimi, nikifanya mazoezi ya kusema "shikamoo" njia nzima. Mwalimu alikuwa kijana, mwenye sauti laini na uso wa mtu asiyeweza kuua mbu. Aliuweka ule mchoro mezani kama anayefunua maiti.

"Binti, huyu ndiye dada yenu asiyesikia?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Na hii ni misumari. Mdomoni."

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba ni ya kazi, inauzwa kwa kilo, hata Mzee anaiweka. Akanishika mkono.

"Usiseme kitu," akasema, na macho yakamjaa maji. "Naelewa. Mtoto ameona maumivu ya dada yake. Maneno yamemsongamana mdomoni kama misumari na hawezi kuyatoa. Sijawahi kuona mchoro unaosema hivi."

Alikuwa mtu wa kwanza katika shule yoyote kuniambia nisiseme, na nilimshukuru kwa moyo wote. Nilitoka pale nimepona kabisa, mpaka nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba sikumweleza chochote.

Mwalimu hakuishia kulia. Alizunguka madukani mpaka akapata kitabu cha picha kilichokuwa na mtoto kiziwi ndani yake, akampa Kipaza akae nacho. Kilikuwa kitabu kizuri, jalada gumu, rangi za kung'aa. Ukurasa wa kwanza, msichana amekaa dirishani, mikono mapajani. Wa pili, watoto wanacheza mpira, yeye anawatazama, mikono mapajani. Kisha anakuja mdogo wake mwenye gauni jeupe, anamgusa bega kwa ua. Mdogo huyo anamshika mkono kuvuka barabara, anawaeleza watu shida zake, anampa kipande kikubwa cha keki. Mwishoni moto unatokea. Msichana kiziwi anauona moshi kabla ya wote, anaokoa kijiji, na watoto wanamwita acheze.

Kitabu cha picha hakihitaji kusomewa mtu. Dada alikipeleka karakana, akakifungua juu ya sponji, na mafundi wote wakakizunguka.

"Anaumwa nini?" akauliza fundi mmoja kwa mikono.

"Haumwi. Ni kiziwi," Dada akajibu.

"Mbona hana kazi?"

"Anakaa dirishani."

Mzee Sponji akainamia picha, akaonyesha kiti kwa nyundo. Kiti hakikuwa na springi. Mtu akikaa hapo kutwa nzima, akaeleza, lazima ahuzunike.

Dada akarudia ukurasa wa moto. Alikaa nao muda mrefu. "Kwa hiyo," akaniambia, "kijiji kisingeungua, huyu angekuwa bado dirishani?" Akafikiri. "Na mimi nangoja kuokoa nani?" Fundi wa pili akajitolea kuchoma godoro. Wakacheka mpaka misumari ikawatoka, na kitabu kikarudi nyumbani, na sote tukadhani kimekwisha.

Lakini Kipaza alikuwa amekikariri. Jioni ile alimpa Dada paja la kuku. Dada akaligeuza, akalinusa, akaniuliza kama limeanguka chini. Kipaza akamtabasamulia, tabasamu la gauni jeupe, akaanza kula shingo.

Nisidanganye, wiki ya kwanza Dada aliishi kama malkia. Kioo kikawa chake. Mto ukawa wake. Kipaza alimsogezea maji ya kunawa, akampangia viatu, akaacha kumrushia kandambili. Alikuja taratibu na kumgusa bega kwa jani la mchaichai, kwa kuwa maua hatukuwa nayo. "Wema ni kitu kizuri," Dada aliniambia akiwa amenyoosha miguu. "Tungepata kitabu hiki mapema."

Kisha wakaenda kununua viatu. Kipaza akamtangulia, akamwambia yule muuza viatu, kwa sauti iliyofika maduka ya jirani, "Dada yangu hasikii. Anaishi katika dunia ya kimya. Tafadhali mpunguzie." Mtu ambaye miaka yote alipigana na Dada mpaka jasho likawatoka wote wawili, akavitoa viatu kwa bei ya kwanza, akavipangusa, akasema pole. Dada alirudi nyumbani akavitupa pembeni. "Sikushinda," akaniambia. "Nimepewa."

Baada ya hapo niliona anavyopungua. Barabarani Kipaza alimshika mkono mwanzo wa safari mpaka mwisho. Kumshika kiziwi mkono njia nzima ni kumziba nusu ya mdomo, na anayemshika amejiziba nusu ya wake. Walikuwa wakirudi kama wageni waliokutana msibani. Dada akaanza kutafuta ugomvi. Alificha utepe wa Kipaza. Alimwambia ana masikio ya popo. Alikula sukari yake mbele ya macho yake, kijiko baada ya kijiko. Kipaza alishusha pumzi, akasema kwa mikono, "Najua una uchungu," akaenda kufanya hesabu zake.

Jumapili moja Dada alifumba macho. Hakukuwa na ugomvi wowote. Alikaa tu kitandani akafumba, akangoja. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Kipaza alipita, akamwona, akamfunika shuka vizuri mpaka mabegani, akatoka kwa kunyata. Kwa kunyata, mbele ya kiziwi. Baada ya muda nilimwona Dada akifungua jicho moja, halafu la pili.

"Mdogo wangu ameenda wapi?" akaniuliza.

"Yuko nje."

"Yule ni muuguzi. Namtaka mdogo wangu."

Nilijaribu kumsaidia. Nilimwambia kwamba anakoroma na kwamba mshono wake wa juzi ulipinda. Halafu nikamwomba radhi. Dada alinipapasa kichwa, akasema nimejitahidi.

Ndipo ikaja habari ya siku ya wazazi, siku ambayo Mama angekuwa kazini. Darasa la pili wangeigiza kile kitabu, Kipaza angekuwa mdogo mwema, na mwalimu alikuwa na wazo: kwa nini mtoto mwingine ajifanye kiziwi, wakati dada mwenyewe yupo? Kipaza alileta ombi hilo akiwa amepiga magoti. Nilijua Dada atakataa. Alikubali kabla mtoto hajamaliza. Usiku wa kuamkia siku yenyewe alikuwa anapaka rangi kucha, akaniambia bila kuinua uso, kwa mkono mmoja, "Jukwaani hana pa kukimbilia. Mdogo wangu atarudi kesho, au mimi nitabaki kwenye kile kiti na ndege wa karatasi."

Kwa hiyo lile dole gumba lilipoanza kucheza, mimi nilijua kilichokuwa kinatafutwa.

Kipaza alitokea na gauni jeupe na ua la plastiki. Wazazi wakashusha pumzi kwa utamu. Akapiga goti mbele ya kiti, akamgusa Dada bega, akageukia ukumbi na kuanza shairi lake.

"Dada yangu hasikii ndege, wala mvua juu ya bati. Mimi nitakuwa sikio lake, nitakuwa pia sauti yake."

Mikono ya Dada ilikuwa bado mapajani, lakini vidole vilianza kusema. Alisema kwa udogo, kama mtu anavyonong'ona, pale ambapo Kipaza pekee angeona akirudisha macho. Kutoka nyuma sikuweza kuona vyema, Kipaza alinikinga. Nikaona tu masikio ya Kipaza yakibadilika rangi. Akaendelea na ubeti wa pili, sauti imepanda kidogo. Dada akarudia, safari hii kwa ukubwa wa kawaida. Pembeni ya ukumbi Mzee Sponji na mafundi wake wawili, waliokuja wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wakaangua kicheko. Ukumbi ukawageukia kwa hasira. Watu wazima, wanamcheka mlemavu.

Kipaza akalitupa ua.

"Mimi sikukojoa jana," akasema.

Alisema kwa mikono, lakini mdomo wake, kama nilivyoeleza, haukujua kubaki nyuma, na ilikuwa sauti ya kutangazia mikutano. Mwalimu aliyeshika kamba ya pazia akaganda. Wazazi wakatazamana. Dada alikuwa amesimama sasa, mikono yake hewani, mikubwa, inapaa na kukata, na Kipaza akamjibu papo hapo, vidole vinapigana na maneno yanamtoka.

"Muongo. Hata Mama anajua. Ni zamani, na nilikuwa na homa."

Dada akasema.

"Wewe ndiye uliyeniharibia shairi langu."

Dada akasema, kwa muda mrefu, akimalizia na mkono mmoja uliozungushwa kwenye uso wote wa ukumbi.

"Ndiyo, na nitarudia. Nitarudia mara mia."

Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayegombana kwenye simu. Ukumbi uliinamia mbele, unataka upande wa pili. Mwalimu mkuu, baba mnene aliyekaa kwenye kochi mstari wa kwanza, akageuka.

"Huyu mkubwa anasema nini? Nani anaelewa?"

Mafundi wakamtazama Mzee Sponji. Mzee akasimama, akavuta shati.

"Mimi naelewa ya kazini tu, mkuu. Matusi ya nyumbani muulize yule pale mlangoni, ni ndugu yao wa katikati. Binti, simama usaidie watu."

Vichwa vyote vikageuka. Nilisimama kwa sababu miguu ilifanya hivyo yenyewe. Ilikuwa darasa la tano tena.

"Wanasalimiana," nikasema.

Hata watoto walicheka. Dada aliona vicheko, akaona nilikosimama, akanijua. Ananijua tangu nikiwa tumboni. "Usinifunike shuka na wewe," akaniambia kutoka jukwaani. "Sema ninavyosema."

Sijui nilikoitoa ile sauti. Nafikiri haikuwa yangu. Nilikuwa nimebeba ya mtu, kama unavyobeba ndoo ya jirani, na cha jirani huwezi kukimwaga. Dada alimgeukia Kipaza, na mimi nikasema mbele za watu, kwa nguvu, kila mkono wake ulivyotoka.

"Umekariri nini wewe? Kwamba mimi ni mzigo wa dirishani?"

"Nakusaidia," Kipaza akalia.

"Nani amekuomba? Nina kazi. Nina kucha zimepakwa rangi. Lini uliniona nimekaa kusikiliza ndege?"

"Mwalimu amesema wewe ni mpweke."

Mikono ya Dada ilisimama kifuani. Kisha ikaja polepole, na mimi nikaja nayo polepole.

"Ulikuwa unanipandia tumboni unifungue macho unitukane. Sasa unanifunika. Mwezi mzima hujaniambia hata mimi mbaya. Nitaongea na nani?"

"Una mdogo mwingine," Kipaza akasema, akinionyesha.

Dada akanitazama, akarudi kwake, akajibu. Niliiona sentensi ikija na sikuwa na pa kuiweka.

"Huyo?" nikasema, na sauti yangu ikagonga ukuta wa mbele ikarudi. "Huyo hasemi."

Ukumbi uliangua kicheko. Mwalimu mkuu alipiga paja lake. Mama mwenye leso aliitumia tena, kwa kazi nyingine. Mimi nilibaki nimesimama, masikio yanawaka, nikiwa nimewatangazia watu wote wale kwamba sisemi, na cha ajabu sikutamani kukaa.

Kipaza hakucheka. Alikuwa anamtazama Dada kwa macho membamba, macho ambayo sikuyaona mwezi mzima.

"Wewe mbaya," akasema. "Na una miguu ya bata. Na utepe wangu naujua ulipo, uko kwenye sidiria yako, mwizi."

Dada akaingiza mkono kifuani, mbele ya wazazi wote na mwalimu mkuu, akatoa utepe, akaupeperusha juu ambako Kipaza hawezi kufika. Kipaza akaurukia. Akaurukia tena, anatukana kwa mkono mmoja, na Dada akawa na uso ambao hakuna kitabu kingejua kuuchora, maana ulikuwa wa furaha na ubaya kwa pamoja.

Muda wote huo wanakijiji, watoto wa darasa la pili waliovaa vitambaa vichwani, walikuwa wamepangwa upande wa kulia katikati ya moshi wa pamba, wakingoja kuokolewa. Mmoja alikuwa bado anakohoa kwa bidii, kama alivyofundishwa. Hatimaye akavuta gauni la Kipaza.

"Sisi tunaungua," akasema.

Nikamfikishia Dada. Akautazama moshi, akautazama utepe, akasema waungue kidogo, anakuja.

Igizo lilimalizika namna fulani. Watu wakitoka, mwalimu alinifuata mlangoni. Nilidhani atakuwa na hasira, na angekuwa na haki. Alionekana tu kama mtu aliyekosea basi.

"Kitabu kilikuwa hicho kimoja," akasema. "Nilitafuta kila mahali. Vingine vyote watoto wanasikia."

"Ni kizuri," nikamwambia. "Rangi zake."

Akatazama upande wa Mzee Sponji, aliyekuwa amelipindua kochi la mwalimu mkuu na kulikagua tumboni, misumari miwili tayari iko mdomoni mwake. Sijui aliitoa wapi, labda huwa anatembea nayo. Mwalimu alimtazama kwa muda. Akanigeukia.

"Ile misumari," akasema.

"Ya kuwambia vitambaa."

Alikaa kwenye ngazi, akaweka uso viganjani, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikaogopa nimemliza tena, mpaka alipoinua uso kuvuta pumzi, nikaona anacheka. Aliniomba nimwonyeshe jinsi ya kusema "samahani" kwa mikono. Nikamwonyesha, akaenda akamwambia Dada. Dada akamsahihisha kidole gumba.

Nyumbani tulirudi kwa miguu, kwa njia ya nyuma ya shule. Dada na Kipaza walitangulia, mimi nikabaki nyuma na viatu vyao na ua la plastiki. Watu wanaoongea kwa mikono hawawezi kutembea sambamba na kugombana vizuri. Lazima mmoja atembee kinyumenyume. Kipaza ndiye aliyegeuka. Alikuwa anarudi nyuma kwa kasi, gauni jeupe limechafuka chini, mikono yote miwili inafanya kazi, anaeleza kosa kwa kosa yale ambayo Dada alimfanyia kwa mwezi mzima. Alikuwa ameyaweka yote. Sukari, masikio ya popo, kila kitu, na Dada alikuwa anakanusha moja baada ya jingine.

Mbele yao palikuwa na mtaro. Haukuwa na kina, mkavu, umejaa majani. Niliuona, nikavuta pumzi nimwite mtoto kwa jina, na nina hakika sauti ingetoka.

Dada aliuona pia. Alinigeukia haraka juu ya bega, akaweka kidole midomoni.

Nikanyamaza. Kipaza akapiga hatua nyingine nyuma.